Muuza Nozeli na Shela Langu

Muuza spea kuukuu wa Sumbawanga, enzi za Mwingereza, hakuuza nozeli ya lori, kile kidude kinachopulizia dizeli kwenye injini, kabla hajaipima. Aliifunga kwenye pampu ya mkono, akasukuma, akapulizia dizeli kitambaa cheupe. Ikitoka kama ukungu alicheka mpaka kuku wakakimbia. Ikidondosha alifoka, "Inakojoa hii!" na kuitupa ikaangukia Namanyere, mji wa mbali huko.

Siku ya harusi yangu lori letu likafa nozeli mlangoni pake. Akapima, akatupa, akapima, akatupa.

"Mzee wangu, niuzie yoyote, bwana harusi anangoja kijijini Msanzi!" dereva Mwinjuma akalia.

"Inayokojoa siuzi!"

Ikabaki moja, na kitambaa kimelowa chote. Nikaruka chini, nikamtandazia shela langu. Akasukuma. Ukungu mtupu, hakuna tone! Akapiga vigelegele kuwashinda mashangazi zangu. Niliolewa nikinuka dizeli, na mpaka leo mbu hanisogelei.