Kukaa Chini Msibani

Msibani kwetu wanawake hukaa chini. Viti ni vya wanaume. Mdogo wangu wa tumbo moja alipofariki kule Igamba, mimi niliomba kiti, nikakiweka karibu na njia ya chooni. Wanawake wa ukoo walinipandisha na kunishusha kwa macho. "Huyu siku hizi ni wa mjini," wifi alisema, nami nasikia. Jioni nikarudi zangu nyumbani, mjini Mpemba, nikawaacha wakitandika mikeka ya kulala na marehemu.

Ningewaambia nini? Kwamba nikikohoa, au nikiinuka toka chini, mkojo unatoka? Bora waseme naringa.

Nimezaa watoto saba. Kliniki walinifundisha kunyonyesha, uji wa lishe, chandarua. Habari ya misuli ya huko chini hakuna aliyetamka. Eti aibu. Mbona haikuwa aibu waliponichungulia?

Baadaye nilipelekwa hospitali kwa ajili ya goti. Mtaalamu wa mazoezi, binti wa rika la wajukuu zangu, aliniona nikibana miguu nilipopiga chafya, akaniuliza waziwazi. Nikamwambia mbona kila siku nakaza, nakaza mpaka tumbo linauma.

"Ndiyo kosa hilo, bibi. Ukikaza tumbo na kuzuia pumzi, unausukuma mkojo utoke. Kaza huko chini tu, kama unayezuia ushuzi mbele ya mkwe. Huku unapumua. Halafu achia polepole."

Nilicheka, kisha nikalia kwa hasira. Kumbe ni hilo tu? Kitu cha bure, nao walinyamaza miaka yote!

Nilifanya nikimenya viazi, nikisubiri chai ichemke, hata kanisani wakati wa matangazo. Nafuu haikuja haraka, na siku nyingine bado inanitoka kidogo. Lakini sasa nakaa chini na wenzangu kwenye jumuiya, nainuka mkavu.

Juzi sokoni nilikutana na binti wa marehemu mdogo wangu. Ndipo nikasikia kwamba shangazi yetu, aliyetulea mimi na mama yake, amekwisha kuzikwa, na matanga yameanuliwa. Nilimuuliza kwa nini hawakuniita.

"Mama mkubwa, si tunajua wewe hukai misibani," alinijibu, bila ubaya wowote, akaendelea kuchagua nyanya.