Kunja Magoti, Mwekundu

Mpaka leo mtu akiniambia "kunja magoti", hata awe mganga wa zahanati anayetaka kunipima, masikio yangu hupata moto. Wajukuu wananiona nimeinamisha kichwa, wanacheka, wanadhani babu anaogopa sindano. Siogopi sindano mimi. Naona aibu, na aibu hiyo imenikalia tangu enzi za kijiji cha ujamaa.

Kwetu, upande wa Mungaa, ukishalima na kumwaga mbegu za uwele, lazima uzifukie kabla ndege hawajazimaliza. Tulikuwa na ubao mzito wa mninga, urefu wake kama kitanda. Unaufunga kwa mnyororo kwenye nira, ng'ombe wawili wanauburuta shambani, mabonge ya udongo yanapondeka na mbegu zinafukiwa. Lakini ubao mtupu huruka juu ya mabonge bila kufanya kazi. Sharti mtu asimame juu yake, miguu miwili, hana pa kushika. Mkononi una fimbo tu. Ng'ombe wakichangamka, ardhi inapita chini yako, vumbi linaruka nyuma, na wewe umesimama wima kama hakuna lililotokea.

Nilianza kusimama kabla sijaota ndevu. Vijana tulishindana, na si kujisifu, sikushindwa. Wengine walikuwa wakifika kwenye kichuguu wanaruka chini kama panzi. Mimi nilikipanda kichuguu, nikashuka na ubao wangu upande wa pili, na wasichana waliokuwa wakipalilia shamba la jirani wakapiga vigelegele. Mmoja wao nilimwoa. Uhuru ulipokuja nilikuwa na watoto, na bado nilikuwa juu ya ubao. Nilidhani nitafia pale.

Halafu tukahamishwa. Kila mtu alitoka kwenye tembe lake kule alikozaliwa, tukapangwa kwa mistari, nyumba na nyumba, kama meno. Tukapewa shamba la kijiji, na watu tukagawanywa katika vikosi vya kazi. Ubao wangu ukawa ubao wa kijiji. Sikunung'unika sana, maana mwenyekiti alisema mbele ya mkutano kwamba mwenye ubao ni mimi, mwingine asiuguse mpaka nitakaposhindwa mwenyewe.

"Na nikishindwa?" niliuliza, kwa kiburi tu.

"Ukishindwa, mzee, utapanda dungu."

Watu walicheka. Dungu ni kile kichanja cha miti katikati ya shamba, ambako watoto wadogo na wazee waliochoka hukaa wakipiga makopo na kurusha mawe kufukuza ndege. Nilikuwa na wajukuu tayari, goti la kushoto lilikuwa likilia kila nikiinuka, na asubuhi mke wangu alinivuta mkono ili nitoke kitandani. Lakini kukaa dunguni na watoto wenye makamasi, mimi? Nilijibu kwa sauti ili mkutano mzima usikie, "Ng'ombe hazeeki maini!" Mke wangu alikuwa kwenye safu ya wanawake. Alinitazama, akatikisa kichwa.

Tatizo lilikuwa nani aongoze ng'ombe. Zamani ilikuwa kazi ya watoto, sasa watoto wote wako shuleni. Kiongozi wa kikosi, kijana aliyetoka mbali na asiyejua mila zetu, akanyoosha kidole na kumpa kamba mke wa mwanangu.

Jamani! Kwetu mkamwana na baba mkwe wana heshima nzito. Hawatazamani usoni. Akikutana nami njiani anatoka njia, anageukia majani mpaka nipite. Hasemi nami, sisemi naye. Akiwa na neno analipeleka kwa mama mkwe wake, au kwa mtoto, na mtoto ananiletea. Kabla ya kijiji hili ilikuwa rahisi, kila mtu na boma lake. Sasa mlango wake na mlango wangu ilitazamana, na mume wake, mwanangu, alikuwa kwenye kazi ya reli Manyoni. Maskini yule binti alikuwa akitoka nyumbani kwake kinyumenyume.

Nilitaka kukataa. Mke wangu ndiye aliyenishauri. "Yeye atakuwa mbele ya ng'ombe, amekupa mgongo. Wewe uko nyuma yao. Nani atamtazama nani?" Nikaona kweli. Ng'ombe walikuwa kati yetu, na heshima haikuvunjika.

Basi tukafanya kazi msimu mzima. Na nikwambie, nilisimama vizuri kuliko miaka kadhaa ya nyuma. Sikuanguka hata mara moja. Goti lilitulia. Nilirudi nyumbani nikijipiga kifua, nikimwambia mke wangu, "Unaona? Ujana ni moyo." Alikuwa akinipa maji ya kunawa, anasema, "Naona, mume wangu."

Jambo moja tu liliniudhi. Yule binti alikuwa akisema na ng'ombe. Si kuwapigia kelele kama sisi sote tunavyofanya. Alikuwa anawapa maelezo. Ng'ombe wa kulia alikuwa mwekundu, basi anamwita kwa rangi yake. "Mwekundu, mbele kuna kichuguu. Kunja magoti." Mara, "Mwekundu, hapa pana shimo, uzito uweke nyuma." Mara, "Mwekundu, tunakata kona kushoto, legeza kiuno." Tena kwa sauti kubwa, kana kwamba yule ng'ombe ni kiziwi. Na alikwenda polepole, anazunguka kila kisiki, mpaka nikawa nahema kwa hasira. Ng'ombe gani anaelezwa akunje magoti? Ng'ombe ana kiuno cha kulegeza?

Jioni moja, wazee tumekaa kwenye pombe ya mtama, nikawaambia. "Mkamwana wangu sijui amerogwa. Anamfundisha ng'ombe kucheza ngoma." Nikamwigiza, na kiuno nikakilegeza. Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akamwaga pombe yake. Nilifurahi kuona nimewachekesha. Nikaigiza tena.

Msimu uliofuata mvua ziliponyesha, mkamwana alikuwa amejifungua siku chache tu zilizotangulia. Kamba akapewa jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye mabega mapana. Nikasema moyoni, haya, leo mtaniona, leo nimepata mwanamume mwenzangu. Kijiji kizima kilikuwa shambani, maana ilikuwa siku ya kwanza ya kupanda. Nikapanda ubao, nikapiga mluzi.

Jirani alikwenda kama wanavyokwenda wanaume, haraka na kimya. Hatua za mwanzo nilicheka kwa raha. Halafu ubao ukagonga kichuguu, goti la kushoto likakataa, nikaegemea mbele, nikaegemea nyuma, na hamadi! nikala udongo. Laiti ingeishia hapo. Mguu wangu mmoja uliingia kati ya ubao na mnyororo, na yule bwana hakugeuka kutazama. Niliburutwa. Nilipiga yowe. Kaptula ikachanika kutoka juu hadi chini, na chupi sikuwa nayo, tulikuwa hatuna mambo hayo. Ng'ombe waliposimama, nilikuwa nimelala kifudifudi mbele ya wanawake wa kikosi, umri wangu wote ukiwa wazi juani.

Kwanza walicheka, nadhani bila kukusudia. Halafu wakanyamaza wote kwa pamoja, na kile kimya kilinichoma kuliko kicheko. Mwanamke mmoja alivua kanga ya mabegani akanirushia, uso ameugeuza pembeni. Nikajifunga, nikasimama, nikaanza kumtukana jirani. Nilimwita mchawi. Nilimwita mwendawazimu. Nikamwambia hajui kuongoza ng'ombe, hata mwanamke anamshinda.

"Ndiyo, mzee," alisema. Alikuwa anatazama chini. "Yeye alikuwa anakwambia."

"Ananiambia nini? Nani?"

Aliinama akaanza kunyoosha mnyororo. Nikaondoka nachechemea na kanga ya mke wa mtu.

Nyumbani mke wangu alichemsha maji yenye chumvi, akanikanda mgongo na goti. Alinikanda kwa nguvu, nadhani kwa makusudi. Nililalamika juu ya jirani, nikalalamika juu ya ubao, nikasema udongo wa mwaka huu ni mbaya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mume wangu," alisema, "leo hukuwa na wa kukwambia ukunje magoti."

Yeye akaendelea kukanda.

"Angekwambiaje? Wewe ni mkwe wake. Ana mdomo wa kukwambia baba, umezeeka, kunja magoti? Akamwambia ng'ombe. Na wewe ulikuwa unakunja. Kila akisema, ulikuwa unakunja, tulikuwa tunakuona. Sisi sote tulikuwa tunakuona."

Loo! Kama ardhi ingepasuka pale kitandani ningeingia. Maana nilikumbuka yote. Kunja magoti. Uzito uweke nyuma. Legeza kiuno. Nani mwenye kiuno kati yangu na ng'ombe? Mwili wangu ulimsikia, ukatii, na kichwa changu kikachukua sifa. Nikakumbuka ile jioni ya pombe, nimesimama mbele ya wazee nakata kiuno, nao wanacheka mpaka machozi. Sasa nilijua walikuwa wakimcheka nani. Nilijifunika blanketi mpaka kichwani, nikalia kama mtoto, na mke wangu akaniacha nilie.

Nilipanda dungu mwaka ule. Mwenyekiti hakunituma, nilikwenda mwenyewe. Nilipiga kopo, nikarusha mawe, watoto wakanifundisha kulenga kwa kombeo maana macho yangu yalikuwa hayaoni ndege mpaka watue. Kutoka kule juu nilimwona mkamwana akirudi kazini, mtoto mgongoni, anapalilia na wenzake. Akifika mkabala na dungu anageuka, anatoa heshima yake kwa majani. Mimi nami nageuka. Nilikuwa na neno la kumwambia na sikuwa na njia. Ningemtuma mke wangu, lakini neno lenyewe sikuweza kulitoa hata mbele ya mke wangu.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, nilimwendea kiongozi wa kikosi. Nilimwomba mzunguko mmoja tu wa ubao, na nikamwomba mkamwana wangu ashike kamba. Alinitazama goti, akacheka kidogo, akakubali. Nadhani alinihurumia, na huruma ya kijana ni chungu.

Nikapanda. Mbele ya ng'ombe niliona mgongo wa yule binti. Mtoto alikuwa amemwachia mke wangu. Hakugeuka, hakuuliza. Akavuta kamba.

"Mwekundu, twende taratibu. Simama imara."

Nikasimama imara. Ardhi ikaanza kupita chini yangu, na zile raha za ujana zilikuja, siwezi kusema uongo, zilikuja zote. Lakini zilikuja na aibu juu yake. "Mwekundu, mbele kuna kichuguu. Kunja magoti." Nikakunja, nikapita. "Mwekundu, kushoto pana kisiki." Nikalalia kulia, tukapita. Kila neno nililisikia sasa, na kila neno lilikuwa langu. Sauti yake ilikuwa ileile, haikuwa na kinyongo. Binti huyu nilimwita mrogwa mbele za watu, na neno lile lilimfikia, maana kijijini kwetu hakuna neno lisilofika.

Katikati ya shamba nikashindwa. Miguu haikushindwa, bado ilisimama. Niliyeshindwa ni mimi.

"Mwekundu," nikasema kwa sauti, "simama. Huyu wa nyuma anashuka."

Ng'ombe wakasimama. Mgongo wa binti ukakakamaa, lakini hakugeuka. Nikaiweka fimbo juu ya ubao, maana siwezi kumpa mkononi, nikazunguka kwa upande wa kushoto, nikitazama milima. Alielewa. Akaiweka kamba juu ya nira, akapita upande wa kulia akitazama chini. Wanawake wa kikosi waliacha majembe. Mmoja akasema, "Mwanamke juu ya ubao?" Mke wangu akamjibu, mtoto akiwa mikononi, "Kwani ubao ulikuwa unasimamiwa na nani siku zote?" Wakarudia majembe yao.

Nikashika kamba. Nilikuwa nimempa mgongo, naye yuko nyuma ya ng'ombe. Nilisikia ubao ukilia kidogo alipopanda. Nikavuta, tukaenda, na mbele nikaona kichuguu kile cha mwaka jana, kilichonivua nguo.

"Mwekundu," nikasema, na sauti ikatetemeka, sikuweza kuizuia, "mbele kuna kichuguu. Kunja magoti."

Nyuma yangu ubao ukapanda, ukashuka. Kisha nikamsikia, taratibu, kama anayeongea na ng'ombe.

"Nimesikia, baba."

Kwetu hakuna anayemwita ng'ombe baba. Niliendelea kuvuta kamba, uso umelowa, nikashukuru kwamba mila inamkataza kunitazama.