Nani Alibandika Ile Sparadra?

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali, hapa Kisangani, sikuoneshwa hata tone la damu. Mkuu wa maabara aliniketisha mbele ya hadubini, nikatazama, kisha akasukuma kishikio kidogo kilicho chini ya kioo cha sampuli.

"Mwanzo uliona ngapi?"

"Vidoa mbili, chef."

"Na sasa?"

"Moja tu."

"Bon. Ile ingine iko wapi? Imetoroka?"

Kile kishikio ni cha diafragma, tundu la chuma linalopanuliwa na kubanwa. Mkuu alinieleza kwamba mwanga ukipitishwa penye uwazi mwembamba hutawanyika, jambo ambalo sisi tuliliita diffraction. Kila nukta huonekana kama kidoa chenye viduara pembeni, na ukizidi kubana, vidoa vinavimba hadi majirani wawili wanakuwa mmoja. Ndiyo maana hata lenzi kubwa hutiwa tone la mafuta, ili miale ya pembeni isipotelee hewani. Ukikosa miale hiyo, kukuza picha ni kukuza ukungu.

Umeme ulikatika mara kwa mara, basi tulihamia dirishani na kutumia kioo cha kuakisi mwanga wa mchana. Jua lenyewe liliumiza macho, kwa hiyo desturi yetu ilikuwa kuelekeza kioo kwenye ukuta wa chokaa wa jengo la wazazi, ng'ambo ya uwanja. Mwanga wake ulikuwa laini, na diafragma ilibaki wazi inavyotakiwa. Mkuu alidai ukuta ule upakwe chokaa upya kila ulipochafuka, na watu wa uzazi walidhani anawapenda.

Alipostaafu akaletwa chef de service mpya. Huyu alidharau ukuta wetu. Alielekeza kioo juani moja kwa moja, na mwanga ulipomchoma akabana diafragma hadi mwisho. Picha ikawa kali, kingo zimekolea weusi, naye akafurahi kama aliyepigwa picha ya harusi. Kisha akabandika sparadra, plasta ile ya vidonda, juu ya kishikio, mtu asikiguse. Hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza.

Wiki hizo akaja mama mmoja mjamzito, muuza samaki wa Yanonge, anatetemeka kwa homa. Chef mwenyewe alisoma damu yake, akatangaza hakuna malaria. Nikamwomba tufungue diafragma, tutazame tena.

"Image iko nette, kingo zote kali, Maman. Unataka nini tena?"

"Iko nette, chef, lakini haioneshi kitu. Vidudu vidogo vinapotea ndani."

"Mimi ndiye chef hapa. Muache aende."

Chef alipotoka kwenda kula niliibandua sparadra, nikafungua diafragma, nikageuzia kioo kwenye ukuta. Pete nyembamba za vidudu vya malaria zilikuwa zimejaa mle. Nikakimbia bandarini, lakini baleinière, mashua ya kwenda Yanonge, ilikuwa imeshaondoka. Nilimpa mwendesha mashua mwingine ujumbe na vidonge.

Mama yule alirudi baadaye, tumbo halipo, na mtoto hana. Alisimama mlangoni pa maabara. "Mulisema sina kitu," akasema. Chef aliinua mabega, akasema haya hutokea. Nilimkaripia mbele ya wote, nikahamishiwa stoo ya chupa kwa muda mrefu. Kishikio kikapata sparadra mpya.

Niliporudishwa mezani, yeye alikuwa ameshapanda cheo kwingine. Nilibandua kila nilipoketi, wengine wakabandika tena kila nilipoondoka, mpaka siku waliyonipa kitenge na hotuba ya kustaafu.

Majuzi homa ilinishika, nikaenda kupimwa palepale. Sasa hadubini ileile imefungwa kamera, inaonesha picha kwenye skrini, nzuri ajabu. Binti wa maabara akaniambia sina kitu. Nikainama kutazama kishikio. Sparadra ilikuwepo, imekuwa ya kahawia.

"Nani alibandika hii?"

"Tuliikuta, Maman. Hapa iko vile tangu zamani."

Sikumgombeza, hakuna aliyemfundisha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nikaibandua kwa kucha na kufungua diafragma.

"Angalia tena damu yangu," nikamwambia. "Halafu uwaite wale wote uliowatuma nyumbani leo."