Nilivyombeba Mama Mkwe Hadi Goweko

Kwetu Unyamwezini, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani wala hawatazamani usoni, na wakiwa na neno hulipitishia kwa mtu wa tatu. Tuliliweza hilo vizuri tu mpaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa kwa mistari, mlango wangu ukatazamana na wake. Kila asubuhi niliuamkia ukuta shikamoo, naye akawaitikia kuku marahaba.

Siku moja akaumwa na kifutu mguuni, akiwa anavuna tumbaku. Mganga wa zahanati hakuwa na dawa ya sumu. Akasema bila kupepesa macho kwamba asipofikishwa Tabora siku ile ile, atakufa. Bahati nzuri mzungu mmoja mtaalamu wa tumbaku alikuwa amekuja na ndege yake ndogo, akakubali kutuchukua. Mke wangu alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote, na shemeji zangu walikuwa mbali, Kaliua. Nikabaki mimi.

Viti vya nyuma vilikuwa viwili, vimebanana. Mimi nikageukia dirisha hili, yeye lile, katikati tukaweka kikapu.

Kijiji kilikuwa ndiyo kwanza kimepotea nyuma ya miti injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Mzungu akatamka maneno yasiyohitaji mkalimani. Tukaangukia mbugani, tukaburuzika kwenye majani, ndege ikasimama pua chini. Mzungu, ambaye ndiye aliyekuwa rubani, alivunjika mkono. Mimi na mkwe hatukuumia, ila petroli ilianza kunuka.

"Mama, nipe mkono."

"Afadhali nife na heshima yangu."

Nilikasirika. "Na mwanao nikamwambie nini? Kwamba niliona haya?"

Akajifunika kanga gubigubi, akamgeukia mzungu, ambaye hakujua hata neno moja la lugha yetu. "Mwambie huyo kijana hapa kuna mzigo. Babu zake walibeba pembe mpaka pwani. Abebe."

Nikaubeba mgongoni, nikaufunga kwa kanga ya pili, nikashika njia ya stesheni ya Goweko, ambako treni ya mizigo kwenda Tabora ilitarajiwa mchana ule. Mzungu alinifuata akigumia. Mzigo nao haukukaa kimya: mwambie apite kivulini, mwambie asirukeruke kama mbuzi. Nilifurahi kugombezwa. Mzigo unaogomba uko hai.

Halafu ukanyamaza.

"Mama?"

Kimya. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ndegeni. Nikalia waziwazi huku nakimbia, nikamwambia yote niliyokuwa nikiyameza: kwamba mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kwamba yule anayewaitikia kuku kila asubuhi ndiye mama niliyebaki naye, na kwamba sitaki kuzika wa pili.

Mkono ukatoka ndani ya kanga, ukanifuta uso. Safari hii hakumtuma mzungu.

"Kimbia, mwanangu."

Tuliikuta treni bado stesheni, injini ikijazwa maji.