Chupa Juu ya Bati

Mwenye nyumba wangu wa Bulyaga namchukia mpaka leo, na sitaki mtu aje kunibembeleza nimsamehe.

Nilihamishiwa Tukuyu kufundisha kemia, nikapanga vyumba viwili uani kwake. Maji tulichota kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba lake la kabichi. Asubuhi moja nikamkuta palepale anasuuza bomba la kupulizia, na kando yake kopo la dawa ya wadudu ya zamani, zile zenye klorini zilizopigwa marufuku siku nyingi. Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa ameacha ziwa. Maji hayohayo ndiyo niliyokuwa namkorogea uji.

"Baba, hiyo ni sumu ya klorini," nikamwambia. "Mwanangu anakunywa maji haya."

"Hii ni dawa, mwalimu. Hata nyie mnatia dawa kwenye maji. Nayo si klorini?"

Neno hilo, dawa, liliniudhi. Ya kutibu dawa, ya kuua dawa, na yeye amejificha katikati. Klorini ya kusafishia maji ni kitu kingine kabisa. Hii ya kwake imeshikamana na sumu yenyewe, na kuchemsha hakuivunji.

Kesho yake akapanga chupa za plastiki juu ya bati, zimejaa maji ya chemchemi. Mjukuu wake, mwanafunzi wangu, alikuwa amemsimulia somo.

"Si wewe uliyefundisha kwamba mwanga unavunja sumu? Basi mtakunywa hayo."

Nilifundisha, ndiyo. Lakini mjukuu aliishia njiani. Maji yanatiwa unga mweupe, ule unaowekwa kwenye rangi za nyumba. Miale ya jua tusiyoiona ikiupiga, ndipo sumu inapoanza kukatwakatwa, klorini inang'oka kidogo kidogo, mwishowe inabaki hewa ya ukaa, maji na chumvi kidogo. Bila unga kazi inasuasua, plastiki nayo inazuia miale iliyo mikali zaidi, na sumu iliyovunjika nusu bado ina ubaya wake. Tena jua la nani? Kwa ukungu wa Tukuyu, nepi za mwanangu zilikuwa zinanuka uvundo kambani kabla hazijakauka.

Nilimweleza yote hayo nimesimama uani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndaga, mwalimu," akasema, ile asante yao, akarudi kuketi barazani.

Nikapanda kwenye stuli, nikashusha chupa moja, nikampelekea. "Kunywa, baba."

Akaitazama. "Nimetoka kunywa chai sasa hivi."

"Chai ya maji gani?"

 Mkewe alikuwa anaingia uani na ndoo kichwani, anahema kwa kile kilima cha kutoka kwenye kioski cha maji. Nikamuuliza, mama, mbona unajitesa hivyo na chemchemi iko hapo chini?

"Sisi tunachota kioski tangu kabichi zianze kupigwa dawa," akasema, akitua ndoo. "Baba alisema ya chemchemi tuwaachie wapangaji."