Mtungi wa Tatu

Siku ile naikumbuka kwa kiu yake, mwanangu. Jana uliniambia diski ya kompyuta yako inalia tak-tak na mafaili mengine hayafunguki, "lakini bado inafanya kazi, Bibi." Nikacheka, maana nami niliwahi kujidanganya hivyo hivyo, kule Kitangari, mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa.

Kuteka maji bondeni kulikula asubuhi nzima. Bibi yangu aliyaweka katika mitungi sita juu ya kichanja, na mitatu mitupu aliitenga iwe akiba. Kazi ya kuitunza alinipa mimi. Mtungi wa kwanza ukapata ufa. Nikahamishia maji kwenye wa akiba, ule mbovu nikaupaka mkaa usitumike tena, nikanyamaza. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu pia. Nilijiona hodari, kwani maji hayakupungua. Kichanja kililialia kila nilipotua maji, nami nikasema ni miti tu.

Mama alipojifungua, tulijaza mitungi yote kwa ajili yake. Adhuhuri kichanja kikaanguka. Mchwa walikuwa wameila miguu yake siku nyingi. Kumbe kila kilipoinama kidogo, mitungi iligongana na kupata ufa mmoja mmoja; siku hiyo yote ikapasuka. Sakafu ikanywa maji yote, mama yuko kitandani na kichanga. Nililia kwa aibu.

Majirani, nao wenye kiu, wakatuletea kila mmoja kidogo. Bibi hakunichapa.

"Mjukuu wangu, mtungi mmoja ukipata ufa, tazama mtungi. Mitatu ikipata ufa, tazama kichanja. Mbona hukuniambia?"

"Niliona maji yapo, Bibi."

"Yalikuwepo."

Kichanga yule ndiye babu yako Saidi. Mpaka leo hunitania kwamba nilimnyima kuoga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba vizuri sana, ila sikuuliza nyufa zinatoka wapi. Na fundi mmoja wa Newala alinieleza kuwa diski hufanya kama mimi: sehemu yake ikiharibika, huitia alama, ikatumia ya akiba, kimya kimya. Ikianza kulia, kuwa nzito na kugoma, ujue akiba inakwisha. Basi usingoje, mwanangu. Leo hii nakili picha na kazi zako mahali pengine, ndipo umwite fundi. Na katika mambo yako yote, ufa ukijirudia, sema mapema.

Mungu akujalie akiba isiyokauka, na watu wa kukuletea maji siku kichanja kikianguka.