Nilimsainia Ndugu Yangu Fomu, Naye Hakujua

Admin, jina langu usiliweke. Mtaa sema tu Riruta, kwa sababu Riruta ni kubwa. Nina miaka thelathini na tatu, sijaolewa, na niko mwaka wa mwisho wa diploma ya kazi ya jamii, upande wa kusaidia waraibu. Kutwa nzima niko kwenye kituo ninakofanyia mafunzo, nasikiliza watu wakieleza jinsi pombe ilivyowamaliza. Jioni narudi chumbani kwangu, nafunga mlango, na hakuna anayeniuliza hata nimeshindaje. Mganga hajigangi, wanasema. Nimeielewa methali hiyo mwaka huu.

Nina ndugu mmoja tu, mdogo wangu. Sitamtaja jina, nimeshamwandika mara moja na hiyo inatosha. Alikunywa miaka sita. Mimi ndiye nilikuwa namtoa mitaroni, na mimi ndiye nilimsainia karatasi zake zote, za hospitali, za polisi, za kuingia rehab, maana mkono wake ulitetemeka hata kalamu haushiki. Niliizoea saini yake mpaka nikawa naiandika vizuri kumshinda.

Alipoacha pombe nilimchukua tukaishi pamoja. Miezi minane hakugusa tone. Aliamka kabla yangu akapika chai, akaenda kazi ya mjengo, na akirudi ananiuliza, "Siz, leo umesaidia nani?" Hiyo ndiyo miezi pekee ambayo sikuwa mpweke, na wakati ule sikujua.

Sasa chuoni tunatakiwa kuandika ripoti ndefu ya mteja mmoja. Unamfuatilia mwanzo hadi mwisho, unaficha jina lake, na yeye mwenyewe anasaini fomu kwamba amekubali kuandikwa. Mteja niliyepangiwa alitoroka kituoni wiki ya tatu. Muda ukawa unayoyoma, nami nikajiambia, si niko na mwingine nyumbani? Nikamwandika ndugu yangu, nikamwita Mteja M. Niliandika alivyouza godoro la mama, mama mwenyewe akiwa mgonjwa, alivyojikojolea kanisani, na alivyosimama kwenye mazishi ya mama amelewa, macho makavu. Na ile fomu nikaisaini mwenyewe. Naapa sikuona kosa, mkono ulienda tu ulivyozoea. Nilipanga kumwambia, lakini kila jioni nilimkuta mchangamfu, nikaona nisimharibie.

Kisha nikafanya ujinga ambao nikiukumbuka najikasirikia. Ripoti nilikuwa nimeipeleka River Road ichapishwe na kutiwa jalada. Siku ya kuichukua nilikuwa na zamu, naye hakuwa na kazi. Nikampigia simu, "Nisaidie, pitia River Road uniletee vitabu viwili." Nilifikiria nini, kwamba mtu hawezi kufungua kitabu? Ukweli ni kwamba nilimdharau. Nilidhani hatasoma.

Niliporudi nilimkuta ameketi kitandani, ripoti ziko mezani zimepangwa, chai iko tayari. Akasema, "Umeandika poa, siz. English yako imeiva." Akaendelea polepole, "Lakini page ya kumi na moja si ukweli. Nililia. Nilienda nyuma ya choo nikalia hadi nikatapika. Hukuniona ju ulikuwa unapanga viti za wageni."

Nikaanza kumwomba msamaha, nikilia. Aliniacha nimalize, akauliza jambo moja tu. "Na hiyo saini ya mwisho, ata hapo nilikuwa nimelewa?"

Kesho yake alihamia Mutuini kwa chumba cha kupanga, na simu zangu akaacha kushika. Kikombe chake bado kiko mahali alipokiacha.

Alhamisi hii natakiwa kuitetea ripoti mbele ya walimu. Msimamizi wangu ameisifu sana, anasema ataitumia kufundishia wanaokuja nyuma yetu. Nikiiondoa narudia mwaka, na nitaulizwa kwa nini. Nikisema nilighushi saini ya mteja, huenda nikafukuzwa kabisa. Nikinyamaza, napita. Kanisani siwezi kusema, wataniombea na kisha wanisengenye. Wanafunzi wenzangu ndio watakaokaa pale Alhamisi kunisikiliza.

Jumapili nilikwenda Mutuini. Nilimkuta nje anafua nguo. Kabla hata ya salamu nilimtazama macho, jinsi tulivyofunzwa kumkagua mtu kama amekunywa, naye akaniona nikitazama. "Sijakunywa," akasema. Kisha akauliza, "Umekuja kama sistee ama umekuja kazi?"

Nikamjibu, "Nimekuja kama dadako."

Alinitolea stuli, akanipikia chai. Tulikaa karibu saa mbili. Alinisimulia siku za mwisho za mama, mambo ambayo sikuwa nayajua, kwamba mama alimsamehe lile godoro na akamwambia asiniambie, nisije nikamchukia zaidi. Sijawahi kumsikiliza vile, na kusikiliza ndiyo kazi ninayosomea. Muda wote huo mkobani mwangu, kando ya mguu wangu, kulikuwa na fomu mpya na kalamu mbili.

Sikuitoa. Aliponisindikiza hadi barabarani aliniuliza, "Hiyo page ya kumi na moja utabadilisha?" Nikasema nitabadilisha. Kuhusu saini hakuuliza tena, nami sikusema.

Sasa niko hapa na fomu yangu haijasainiwa. Nikimpelekea, atajua nilimdanganya pale kwenye stuli. Nikinyamaza, nitakuwa mshauri wa waraibu kwa saini niliyoiba kwa mraibu. Nikisema ukweli chuoni, miaka yangu mitatu imekwenda na maji.

Nishaurini, ndugu zangu, hata kwa ukali, nitavumilia. Ila msiniambie tu nitafute mtu wa kuongea naye. Niliyekuwa naongea naye ndiye huyo niliyemwandika.